Mtakatifu Karoli Lwanga: Mlezi Aliyekabidhiwa Watoto kwa Usiku Mmoja

Kila mwaka tarehe 3 Juni, baridi ya Nyanda za Juu Kusini ikiwa imeanza kuuma, watoto wa Utoto Mtakatifu huamka mapema. Mbeya na Iringa utawaona njiani wamevaa masweta juu ya sare zao, wakubwa wamewashika mikono wadogo, wanakwenda kwenye Misa ya Mashahidi wa Uganda. Pamoja nao yupo mlezi. Mara nyingi ni mama mtu mzima aliyeifanya kazi hiyo tangu wazazi wa watoto hao walipokuwa wenyewe wanafundishwa Komunyo ya kwanza. Siku hizi mara nyingine ni kijana aliyemaliza shule juzi, simu mfukoni, mwenye wimbo mpya kila Jumapili. Makala hii tunawaandikia hao wawili.

Sisi mafrateri tukiwa likizo parokiani huwa tunatumwa kusaidia watoto, na huko tumesikia malalamiko ya pande zote. Wazee wanasema watoto wanacheza mno kanisani na hawajui hata sala ya jioni. Walezi vijana wanasema kila jambo jipya wanaloleta huitwa utovu wa heshima. Walezi wa siku nyingi wanasema wamewekwa pembeni, kwa kuwa watoto wamemkimbilia mwenye simu na kinanda. Katika parokia moja mama mlezi alituambia kwamba amechoka, na kwamba mwaka huo ungekuwa wa mwisho kwake. Hatukuwa na jibu la maana la kumpa. Tulimwitikia tu kwa heshima, tukarudi nyumbani tukiwa wazito.

Baadaye tukarudia kusoma maisha ya Mtakatifu Karoli Lwanga, ambayo tumeyasikia tangu tukiwa watoto wenyewe. Tukaona jambo ambalo tulikuwa tunalipita kila mwaka. Mauaji yale yalianza kwa sababu ya mtoto mmoja aliyekuwa anafundishwa dini. Na Kanisa alimoishi Lwanga lilikuwa na wazee, vijana na watoto pamoja, ambao kila kundi lililazimika kulitegemea jingine. Kwa hiyo tunayasimulia tena maisha yake, safari hii tukimtazama kama mlezi.

Ikulu iliyojaa watoto

Karoli Lwanga alizaliwa katika ufalme wa Buganda yapata mwaka 1860, katika ukoo wa Ngabi, yaani ukoo wa pongo. Alikulia Buddu, upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria. Katika ufalme ule ilikuwa desturi kwa machifu na watu wa heshima kupeleka watoto wao wa kiume ikulu kwa Kabaka. Waliitwa abagalagala. Walibeba ujumbe, walisimama milangoni, walihudumia barazani, na huku wakijifunza namna watu wanavyotawaliwa. Waliofanya vizuri walikuja kupewa uchifu. Ikulu ilikuwa ndiyo shule ya ufalme, na aliyeigusa mioyo ya watoto wale alikuwa ameigusa Buganda ya kesho.

Mwaka 1877 wamisionari wa Kianglikana walifika katika ufalme huo. Mwezi Februari 1879 akafika Padre Simeon Lourdel wa shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao wengi wetu tunawajua kama Mapadre Weupe. Ndilo shirika lililokuja baadaye kufanya kazi kubwa ya uinjilishaji katika eneo la Mbeya. Uislamu ulikuwa umetangulia. Kabaka Mutesa aliwasikiliza wote bila kujifunga kwa yeyote. Vijana wa ikulu, kwa upande wao, walivutwa na kusoma. Walijifunza herufi na sala kwa wakati mmoja, hata wafuasi wa dini hizo mpya wakaitwa wasomaji.

Hapo ndipo pengo la vizazi lilipofunguka. Wazee wa baraza walikuwa wamelelewa katika dini ya jadi na katika utii usiouliza swali. Sasa waliwaona watoto wao wenyewe wakijikusanya gizani na karatasi mkononi, wakinong'ona maneno ambayo baba zao hawakuyajua. Mzee anayeona mwanawe anajua kitu asichokijua yeye, na hakuna wa kumweleza ni kitu gani, huingiwa na hofu. Tuikumbuke hofu hiyo, maana tutakutana nayo tena.

Kanisa lililobaki na walei

Mwezi Novemba 1882, kwa kuona hali ya ikulu si salama, wamisionari Wakatoliki waliondoka Buganda. Walivuka ziwa kuja kusini na wakaweka misheni Bukumbi, katika Mwanza ya leo. Karibu miaka mitatu Wakatoliki wa Buganda walikaa bila padre, bila Misa na bila kitubio. Wakristo wenyewe walikuwa wachanga, maana ubatizo wa kwanza kwao ulikuwa umetolewa mwaka 1880 tu.

Kazi ilibaki mikononi mwa walei wa kila umri. Matia Mulumba Kalemba, mtu mzima mwenye madaraka ya uamuzi, aliishika jumuiya ya Ssingo pamoja na Luka Banabakintu. Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka, alifundisha nyumbani kwake. Ndani ya ikulu alikuwapo Yosefu Mukasa Balikuddembe, mkuu wa watumishi wa nyumba ya ndani ya Kabaka. Kijana huyo alipendwa na wakubwa kwa uaminifu wake na wadogo kwa upole wake. Mapadre waliporudi mwezi Julai 1885 walikuta kundi limeongezeka.

Ndugu walezi wa vigango vya mbali, vya Chunya au vya Kilolo, ambako padre hufika kwa zamu na barabara ikikubali, mnalielewa jambo hili kuliko sisi. Mtoto anayejua ishara ya Msalaba kwa sababu katekista au mlezi alimshika mkono na kumwonyesha, yuko katika mstari uleule wa watoto wa Buganda.

Lwanga aliingia katika mafundisho ya dini katika miaka hiyo. Mutesa alifariki mwezi Oktoba 1884, na mwanawe Mwanga, kijana ambaye hata miaka ishirini hakuwa ametimiza, akawa Kabaka. Lwanga akaingia utumishi wa ikulu mpya. Alipewa kusimamia vijana wa ukumbi mkubwa wa baraza. Alikuwa na mwili wenye nguvu, hodari wa mieleka, mtu ambaye watoto walipenda kuwa karibu naye. Bado alikuwa mkatekumeni. Mkubwa wake katika imani alikuwa Mukasa, naye Lwanga alikubali kuwa chini yake bila shida, ingawa umri wao ulikuwa karibu sawa.

Usiku wa tarehe 15 Novemba

Mwanga alianza kwa kuwapenda Wakristo, kisha akageuka. Wazee wa baraza, hasa Katikiro, yaani waziri mkuu, walimwonya kwamba wasomaji watamnyang'anya ufalme. Januari 1885 vijana watatu Waanglikana waliuawa. Tarehe 29 Oktoba 1885 Askofu James Hannington wa Waanglikana aliuawa huko Busoga kwa amri ya Kabaka.

Kulikuwa na jambo jingine, ambalo ni lazima tuliseme, maana bila hilo hatuelewi Lwanga alikuwa mlezi wa namna gani. Kabaka aliwataka baadhi ya watoto wa ikulu kwa matendo machafu. Watu wengi wazima walijua na walinyamaza. Yosefu Mukasa hakunyamaza. Aliwafundisha vijana kukataa, akawaweka mbali kila alipoweza. Pia alimkemea Kabaka waziwazi kwa mauaji ya Askofu Hannington. Tarehe 15 Novemba 1885 aliuawa. Alikuwa Mkatoliki wa kwanza wa Buganda kumwaga damu kwa ajili ya imani.

Usiku uleule Lwanga alikwenda misheni pamoja na wakatekumeni wengine, akaomba ubatizo, akabatizwa na Padre Giraud. Alijua vizuri kwamba kazi ya Mukasa sasa ilikuwa yake. Hakukuwa na semina ya walezi wala makabidhiano. Jioni moja aliyewalea watoto hakuwapo tena, na asubuhi watoto walimtazama Lwanga.

Tunapenda kusimama kidogo hapa. Katika parokia zetu kukabidhiana kazi ni jambo gumu. Mlezi wa siku nyingi huona kwamba kumwachia kijana ni kusema yeye hafai tena. Kijana naye huona kwamba kumfuata mzee ni kurudi nyuma. Lwanga alipokea kazi ya mwenzake bila kuibadilisha jina ili iwe yake. Sala zilikuwa zilezile, mafundisho yalikuwa yaleyale, na watoto walikuwa walewale. Aliongeza alichokuwa nacho yeye, yaani nguvu zake, mieleka yake na kukaa kwake kati ya vijana kama mmoja wao. Wala hatuoni popote kwamba watoto waliambiwa wamsahau Mukasa. Damu ya aliyetangulia ilikuwa sehemu ya somo lao.

Miezi sita ya ulezi

Lwanga aliongoza watoto wale kwa muda mfupi, tangu Novemba 1885 hadi Mei 1886. Ni miezi sita na siku chache. Mwaka mmoja wa mafundisho ya Kipaimara katika parokia zetu ni mrefu kuliko huo.

Tarehe 22 Februari 1886 moto uliteketeza ikulu ya Mengo, na baadaye Kabaka akahamia Munyonyo, kando ya ziwa. Huko vijana walikuwa mbali zaidi na misheni, hivyo kumtegemea Lwanga kukaongezeka. Alikusanya wadogo kwa siri, akawafundisha, akasali nao. Alifanya pia kazi ambayo haionekani katika picha za watakatifu: kuangalia nani ameitwa, nani yuko peke yake, nani apelekwe mahali pengine kwa kisingizio cha kazi ili asifikiwe na Kabaka. Ulezi wake ulikuwa katekesi na ulinzi kwa pamoja. Mtu akituuliza leo kwa nini Kanisa linasisitiza kwamba mtoto asiachwe peke yake na mtu mzima mahali pa siri, na kwamba anayejua uovu dhidi ya mtoto asinyamaze hata kama mkosaji ni mtu mkubwa, tunaweza kumjibu kwa kumtaja Mukasa na Lwanga.

Kati ya watoto hao alikuwapo Kizito, wa miaka kama kumi na minne. Alikuwa ameomba ubatizo mara nyingi, na kila mara aliambiwa asubiri. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Wamisionari wa Afrika, alikuwa ameweka utaratibu wa miaka minne ya maandalizi kabla ya ubatizo. Hakuuweka kwa ubahili. Alitaka imani iote mizizi kabla ya kupigwa na jua. Mtoto aliona ni muda mrefu mno, na mapadre waliona ni muda wa lazima. Je, si ndivyo tunavyobishana hadi leo, wazee wakitaka mtoto ajue maswali yote kwa moyo ndipo akaribie meza ya Bwana, na walezi vijana wakisema moyo wake umeshakuwa tayari?

Lwanga hakumbatiza Kizito kwa siri ili kuwaonyesha mapadre kwamba anawajua watoto kuliko wao. Alisubiri pamoja na mtoto, akaendelea kumfundisha. Utaratibu wa wakubwa aliuheshimu mpaka siku ambayo kifo kilikuwa mlangoni, siku ambayo Kanisa lenyewe linamruhusu mtu yeyote kubatiza. Siku hiyo hakusita hata kidogo. Kuheshimu utaratibu na kuwajali watoto vilikaa pamoja ndani ya mtu mmoja.

Mtoto wa Katikiro

Tarehe 25 Mei 1886 Kabaka alirudi kutoka kuwinda viboko ziwani akiwa na hasira. Alikuta ikulu haina watu wa kumpokea. Aliuliza aliko Mwafu, mtoto wa Katikiro, na akaambiwa kwamba yuko na Denis Ssebuggwawo, kijana wa miaka kama kumi na sita. Walipofika aliwauliza walikuwa wanafanya nini. Ssebuggwawo hakuficha: alikuwa anamfundisha Mwafu dini. Kabaka alimpiga kwa mkuki, kisha akamtoa kwa wauaji.

Kesho yake aliuawa Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma. Katikiro ndiye aliyedai kifo chake, kwa kuwa Kaggwa alikuwa amewafundisha dini watoto wake. Hawa wawili, mmoja kijana mdogo na mwingine mtu mzima mwenye cheo, walikufa kwa kosa moja: walifundisha watoto. Walezi wa watoto wana mashahidi wao wenyewe, na majina yao ni hayo.

Tumtazame Katikiro kidogo. Hatumtetei, maana alimwaga damu ya wasio na hatia. Lakini alikuwa pia baba anayeona mtoto wake anakwenda mahali asikoweza kumfuata. Hofu hiyo ilipokosa wa kuisikiliza iligeuka kuwa chuki, na chuki ikaomba upanga.

Hapa walezi tunapaswa kuwa waangalifu. Mzee wa kanisa anayenung'unika kwa sababu ya ngoma na kucheza kwa watoto si Katikiro. Ni Mkristo mwenzetu. Labda alibatizwa na wamisionari wa Konsolata waliofika Iringa mwaka 1919, au bibi yake alimfundisha Rozari kwa Kihehe, Kibena au Kinyakyusa, na sasa anaona wajukuu wake hawaijui Rozari kwa lugha yoyote. Anaogopa kwamba alichopokea kwa gharama kitapotea mikononi mwa watu wanaocheka. Tusijihesabu mashahidi kwa sababu halmashauri ya parokia imetunyima kinanda. Afadhali twende nyumbani kwa mzee huyo, tukae naye, tumwombe aje siku moja kuwafundisha watoto wimbo anaoulilia. Hofu inayosikilizwa mapema huweza kugeuka kuwa msaada.

Mkono wa Kizito

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei, Lwanga aliwakusanya vijana wake. Wanne walikuwa bado wakatekumeni: Kizito, Mbaga Tuzinde, Gyavira na Mugagga. Aliwabatiza kwa mkono wake. Asubuhi waliitwa mbele ya Kabaka, na wanaosali wakaamriwa kusimama upande mmoja. Lwanga alikwenda wa kwanza, na mapokeo yanasema alimshika Kizito mkono. Wengine wakafuata.

Katika njia ya kwenda Namugongo, Kanisa zima lilionekana. Padre Lourdel alikuja kuwaombea kwa Kabaka na hakusikilizwa. Aliwaona wakipita wamefungwa, na Kizito anacheka. Luka Banabakintu, mtu mzima kutoka Ssingo, aliungana na vijana. Matia Mulumba Kalemba, mwenye umri wa kama miaka hamsini, hakufika Namugongo. Alikatwa viungo njiani tarehe 27 Mei na kuachwa afe polepole, akafariki tarehe 30. Mzee alikufa peke yake vichakani, watoto walikufa pamoja motoni, na imani yao ilikuwa moja. Waanglikana nao walikuwa katika kundi lilelile, wakipelekwa kwenye moto uleule.

Mbaga Tuzinde alikuwa amelelewa na Mukajanga, mkuu wa wauaji, ambaye alikuwa jamaa yake. Mukajanga alimsihi kijana huyo akane tu kwa midomo, au akubali kufichwa. Mbaga alikataa. Basi mzee akaagiza apigwe shingoni kwanza, ili moto umkute ameshakufa. Katika masimulizi yote ya Namugongo hatujui mahali panapouma kuliko hapo: mzee anayempenda mtoto kweli, asiyeelewa kabisa kile mtoto anachokipenda zaidi. Mbaga hakumtukana mlezi wake. Alikataa na akabaki mwana.

Watoto bila mlezi wao

Baada ya kukaa wiki moja kifungoni, siku ikafika. Ilikuwa Alhamisi tarehe 3 Juni 1886, sikukuu ya Kupaa Bwana. Kabla ya wengine kupelekwa motoni, Lwanga alitengwa. Alichomwa peke yake, polepole, kuanzia miguuni. Wenzake walifungwa katika mikeka ya matete wakachomwa mahali pengine. Wakatoliki waliokufa Namugongo siku hiyo walikuwa kumi na watatu, yeye akiwamo. Ukiwaunganisha na waliouawa kabla na baada, mashahidi Wakatoliki wa Uganda ni 22, na wa mwisho aliuawa Januari 1887.

Kwa hiyo watoto wale walikufa bila mlezi wao. Aliyewabatiza na aliyewatangulia mbele ya Kabaka hakuwapo tena walipomhitaji kuliko siku zote. Nao walisimama. Kizito, mwenye siku nane tu tangu abatizwe, alisimama. Tunaamini ilikuwa neema ya Mungu kwanza. Lakini neema hiyo ilipita katika malezi ya mtu aliyewashika watoto kwa Kristo, wala hakuwashika kwa ajili yake mwenyewe. Kama wangekuwa watoto wa Lwanga tu, wangetawanyika alipotengwa.

Hilo ndilo tunalotaka kulisema kwa walezi wetu, wazee na vijana. Mlezi anajaribiwa siku asipokuwapo. Iwapo watoto wanakuja kanisani kwa sababu ya simu yako na nyimbo zako, ukihamia Dar es Salaam kutafuta kazi watapotea. Na iwapo wanakuja kwa sababu wanakuogopa wewe mama mzee, siku ukiugua watalala nyumbani. Anayelea kwa ajili ya Kristo huanza mapema kuwazoesha watoto mlezi mwingine, kizazi kingine, sauti nyingine.

Waliopona

Watoto watatu hawakuchomwa siku ile. Denis Kamyuka, Karoli Werabe na Simeoni Ssebutta walifikishwa Namugongo pamoja na wenzao, kisha wakaachwa hai. Walikua, wakawa watu wazima, na ushuhuda wao ulilisaidia Kanisa kujua yaliyotokea. Papa Benedikto wa Kumi na Tano aliwatangaza mashahidi kuwa wenye heri tarehe 6 Juni 1920. Papa Pius wa Kumi na Moja alimweka Lwanga kuwa msimamizi wa vijana wa Afrika mwaka 1934, na Papa Paulo wa Sita akawatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Sisi wengine wote tunamjua Lwanga kwa sababu mtoto aliyelelewa naye alizeeka na kusimulia. Mtoto anayekusumbua leo kwenye benchi la mbele huenda ndiye mzee atakayewasimulia wengine habari za imani mwaka 2080.

Hata shirika la Utoto Mtakatifu lina hadithi inayofanana. Lilianzishwa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, akiwa karibu na miaka sitini. Mwaka uliofuata alifariki. Aliona mwanzo tu. Mzee aliianzisha kazi ya watoto na kuwaachia wengine, nayo imefika hadi Tukuyu na Mafinga.

Kwa hiyo, mama yetu mlezi uliyetuambia umechoka, hatukuombi uendelee mpaka uanguke. Tunakuomba usiondoke kabla hujamshika mkono mmoja wa vijana wale unaowalalamikia. Mpe watoto wako kwa majina, mwonyeshe ni nani hana baba, ni nani anakuja bila kula, ni nani anaogopa kwenda nyumbani. Mambo hayo hayamo katika simu yake, yamo kwako. Nawe kijana mlezi, kabla hujaleta wimbo mpya, muulize aliyekutangulia watoto waliimba nini walipofiwa na mwenzao, walisali nini mvua ilipokosekana. Kisha lete wimbo wako, naye atakusaidia kupiga makofi.

Lwanga alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu alipokufa, umri wa wengi wetu hapa seminarini. Tunapomtazama tunaona aibu kidogo, na tunapata moyo pia. Alipewa watoto kwa usiku mmoja, akawalea miezi sita, akawarudisha kwa Mungu bila kupungukiwa na hata mmoja wa wale aliowabatiza usiku ule.

Mtakatifu Karoli Lwanga, msimamizi wa vijana, utuombee. Mtakatifu Kizito, uwaombee watoto wetu na walezi wao wa Mbeya na Iringa. Amina.